Malewa ya Mulango Uliofungwa

Juma lililopita jirani yangu alianika majani ya puaro juu ya moto wake, na moshi ukapita ukuta ukaingia kwangu. Puaro ni kile kitunguu kirefu cha milima ya kwetu. Watu wengi wanakula sehemu nyeupe na kutupa majani. Kule Kipese nilikozaliwa kuna wamama ambao hawayatupi. Wanayafunga kifundo, wanayatundika juu ya figa mpaka yanakauka na kushika moshi, halafu wanayavunja kwa vidole ndani ya mboga. Niliposikia harufu ile niliacha nguo ndani ya maji, nikaenda kukaa. Bwana yangu aliuliza kama ninaumwa. Nilimwambia hapana, ninafikiri tu.

Ninaandika, ijapokuwa sikusoma sana na sina hakika kama mambo ya namna hii yanaandikika. Wa rika langu watanivumilia. Nao walikuwa watoto siku zile, nao waliambiwa mambo nusu nusu.

Mama yangu aliitwa Masika. Kwetu jina hilo ni la binti wa kwanza, kwa hiyo karibu kila nyumba ina Masika wake. Ukisimama katikati ya soko na kuita Masika, nusu ya wauzaji wanageuka. Msimu mmoja mama alishuka mjini Beni na gari la kabichi, hakurudi. Barabarani kulikuwa na vurugu, watu walikimbia kila upande. Wengine walionekana baadaye, wengine hapana. Hakuna aliyeona mwili wake. Hakuna aliyemwona akitembea. Baba alibaki bila kujua kama amefiwa ao ameachwa, na mutu wa namna hiyo hana mahali pa kukaa: hawezi kulia, hawezi kuoa, watu hawajui wamsalimie namna gani. Wazee wa familia wakakata neno: jibu lipatikane kabla ya kupanda mbegu. Kama amekufa, tufanye kilio, tunyoe nywele, tumalize. Kama yuko hai, arudi nyumbani, ao wazazi wake warudishe mbuzi za mahari. Kazi ya kuleta jibu ikapewa Shangazi Kahambu, dada wa baba, maana yeye alikuwa anashusha mboga Beni kila mara.

Yote hayo niliyajua nikiwa mukubwa. Siku ile nilijua neno moja tu, lile shangazi aliloniambia akinifunga kitambaa kichwani asubuhi ya baridi: "Kanyere, utanisindikiza. Tunaenda kutafuta fasi ya kula muzuri."

Nilimwamini kabisa. Na ninapaswa kusema haki yake: hakusema uongo.

Shangazi alijua kutafuta malewa, ndivyo tunavyoita resto ndogo za njiani, kama vile wengine wanavyojua kutafuta uyoga. Alisema usifuate maandishi ya rangi ukutani, maana yule aliyepaka rangi si yule anayepika. Nenda nyuma kwanza. Kama majani ya ndizi yaliyotupwa ni mabichi, chakula ni cha leo. Kama umbwa wa pale ni munene, watu wanaacha chakula, toka. Kama maji ya kunawa ni ya moto kidogo, mama wa pale anaogopa Mungu. Na konvwayeri, wale vijana wanaopanda juu ya magari, usiwafuate, wao wanafuata wasichana.

Tulipofika mahali tuliagiza sombe siku zote, majani ya muhogo. Hata kama kulikuwa na samaki ya ziwani Kyavinyonge ama mbuzi, sisi ni sombe. Shangazi hakuanza. Alinisukumia sahani, akaangalia uso wangu na si chakula.

"Unasikia namna gani?"

"Iko muzuri."

"Muzuri sawa ya nani?"

Nilisema, "Sawa ya hapa." Basi alivuta sahani, akala kidogo bila furaha, tukaondoka.

Kule Maboya, mama mmoja mwenye malewa alituangalia mpaka akachoka, akashika kiuno. "Mama, weye unakuya kula ao unakuya kutupikisha ekzamen?"

"Nakuya kula, mama yangu. Ulimi yangu njo imezeeka, naazima ya mutoto."

"Basi mwambie mwenye ulimi alipe yeye," mama akasema, na madereva wakacheka. Shangazi akacheka pia. Lakini tulipopanda gari niliona hacheki, anapangusa mikono kwenye kitenge, mara nyingi, mikono iliyokuwa safi.

Mimi nilifikiri anataka kufungua malewa yake na anaiba ufundi wa wengine. Nilijivuna. Kabla ya Maboya, kule Butembo, kati ya magala ya wauzaji wakubwa na pikipiki zinazolia pande zote, tuliingia mahali ambapo hata viti vilikuwa vya plastiki vya rangi moja, na nikaonja kama mukubwa, nikifunga macho. Nikamwambia shangazi, hii ina mawese nyingi. Akaniambia vizuri, endelea vile.

Jambo moja lilinitia woga, na sikumwambia. Mbusa, mutoto wa baba mudogo, alikuwa ameniambia tukichunga mbuzi kwamba watu wanaoshuka Beni bila kurudi wamekufa, lakini hawajui kuacha kazi. Aliyekuwa anauza anaendelea kuuza. Aliyekuwa anapika anapika. Utawajua kwa mambo mawili: hawasemi wakikula, na wanafunga mulango muchana kwa sababu jua linawaumiza. Nilimuuliza nani alikuambia. Akasema kila mutu anajua, ni weye tu.

Ninataka kuwa mwenye haki kwa Mbusa. Alikuwa mutoto kama mimi, na labda alitaka kunituliza kwa njia yake. Kwamba mama anaendelea na kazi.

Tulifika Beni jioni, tukalala kwa mutu wa kanisa ya shangazi. Asubuhi ilikuwa kimya. Nilidhani nimeziba masikio. Hakuna pikipiki, hakuna muziki, hakuna mama anayeita mikate. Ilikuwa siku ya ville morte, siku ambayo mji unafungwa wote, watu wanakaa nyumbani kuonyesha hasira yao juu ya wale wanaouawa, na anayefungua duka vijana wanaweza kumpiga mawe. Wakubwa wa rika langu wanazijua siku hizo. Lakini mimi nilikuwa mutoto wa mashamba, sikuwahi kuona mji bila watu. Barabara pana, vumbi limelala, maduka yote na kufuli, na jua juu ya kila kitu kama siku ya kawaida.

Mwenyeji wetu alimukataza shangazi kutoka. "Leo hakuna mutu atakupa hata chai."

"Napita tu pale mutaa wa Beu kuangalia," shangazi akasema. "Kesho gari inapanda. Hii njo siku yangu ya mwisho."

Tukaenda kwa miguu. Shangazi alinishika mukono kwa nguvu kuliko kawaida. Katika mitaa ya Beu niliona mapazia yakisogea bila uso nyuma yake. Kuku mmoja alitufuata muda murefu, halafu akasimama kama mutu aliyefika mupaka. Nilikuwa na njaa, lakini niliogopa kusema, kwa sababu sauti yetu ndiyo ilikuwa sauti pekee.

Harufu ilikuja kabla ya moshi. Nilisimama. Shangazi akavuta mukono wangu, nami sikusogea.

"Nini?"

"Kwetu," nikasema. Sikupata neno lingine.

Shangazi akanusa, akanusa tena. Ninaamini hakusikia kitu. Lakini akaniachilia mukono, akaniambia, "Tangulia."

Nilipita kati ya nyumba mbili za mbao, kando ya mufereji, nikageuka, nikafika kwenye mulango uliofungwa. Madirisha pia yalifungwa. Ndani kulikuwa na kitu kama pumzi ya watu wengi. Shangazi akagonga polepole. Mulango ukafunguka kidogo, binti mwenye nywele fupi akatuangalia, akatuvuta ndani haraka, akafunga.

Palikuwa giza, na joto. Macho yalipozoea nikaona watu wamekaa kwenye mabenchi, wanaume kwa wanawake, meza zimejaa, kila mutu na sahani yake, wanakula. Hakuna aliyesema. Vijiko havikulia, maana walikula bugali kwa mukono. Muzee mmoja aliinua uso, akaniangalia, akaurudisha chini. Jua liliingia kwa nyufa za mbao na kuwakata watu vipande: sikio, bega, mukono unaopanda kinywani.

Leo ninajua walinyamaza ili vijana wa barabarani wasisikie. Siku ile nilihesabu alama za Mbusa, zote zilikuwepo.

Binti akaleta sombe kabla hatujaagiza, maana hakukuwa na kingine. Shangazi akanisukumia sahani. Sikutaka. Nilitazama mulango. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kula, mwanangu," na hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku ile.

Nikaonja.

Watu wanaosoma wataniuliza ulimi wa mutoto unakumbuka nini. Nami nimejiuliza. Puaro iliyokaushwa, kila mama wa Kipese anaweza kuiweka, na wa Kipese walikuwa wengi Beni. Lakini kulikuwa na ule uchungu mudogo wa mwisho, wa majani yaliyokaribia kuungua, kwa sababu mama yangu alikuwa anatundika kifundo chini mno na baba alimcheka kila siku. Sikulia. Nilisema kama vile mutu anavyosema saa imefika:

"Shangazi, hii ni ya mama."

Nyuma ya pazia la kitenge, jikoni, kulikuwa na mwiko unaogonga sufuria. Nilikuwa sijausikia mpaka uliponyamaza.

Binti yule akasimama na sahani mukononi. "Munatoka wapi?"

"Kipese," shangazi akajibu.

Binti akaangalia pazia. Halafu akasema maneno yaliyokuwa yamepangwa, kama mutoto anayesoma somo mbele ya mwalimu: "Mama alisema, batu ya Kipese bakifika, nibaambie alikufa."

Pazia likapepea. Mwangaza mukubwa ukaingia jikoni, mulango wa nyuma umefunguliwa, halafu mwangaza ukapungua.

"Alikufa lini?" shangazi akauliza.

"Hakuniambia."

"Alikuambia yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Muzee kwenye benchi alijikohoza. Wengine waliendelea kula. Shangazi akainuka, akavuka meza, akainua pazia, nami nikamfuata kwa kuwa niliogopa kubaki na wale watu. Jikoni hakukuwa na mutu. Sufuria ilikuwa motoni, inachemka. Mwiko ulikuwa umelala juu ya mudomo wa sufuria na ulikuwa bado unatingishika kidogo, unatafuta kutulia. Kando ya ukuta sandali mbili, moja imepinduka. Mulango wa nyuma uliangalia njia nyembamba kati ya migomba, na njia ilikuwa tupu, nyeupe kwa jua.

Shangazi alisimama kwenye kizingiti. Nilingoja aite. Angeweza kuita, na siku ile jina lingefika mbali, hakuna kelele ya kulizuia. Hakuita. Alirudi mpaka kwenye sufuria akasema nayo, bila kupaza sauti, kama tunavyosema juu ya kaburi:

"Mutoto iko muzima. Anasoma. Ile jino ya mbele imeota. Njo ulimi yake ilituleta. Hapana mimi."

Akarudisha pazia. Alikaa mezani, akavuta sahani, akala. Kule kote alikokuwa anakula kidogo na kuacha, hapa alikula mpaka mwisho. Alisafisha sahani na tonge la bugali, akainua sahani akaionyesha kwa binti, tupu, akimkazia macho. "Utaiona hii," akamwambia. "Utamwonyesha."

Binti hakuelewa. Nami sikuelewa, kwa miaka.

Ninapaswa kueleza sasa jambo ambalo watu wa kwetu walinieleza vipande vipande. Kabla mama hajaondoka alikufa ndugu yangu mudogo, wa kunyonya bado. Aliumwa tumbo siku chache tu. Uwanja wa bibi yangu, jamaa wa baba, ukaanza kusema chini chini neno lile ambalo kwetu halisemwi kwa sauti, sumu. Hakuna aliyemshitaki mama. Walifanya tu kitu kimoja: waliacha kula chakula chake. Alipika, akapeleka kwa wakwe kama desturi, na sahani zikarudi zimejaa, zimefunikwa vizuri, na shukrani juu. Kila siku. Baba alikula mara kwa mara, mara kwa mara hapana. Mimi nilikula zote, ndiyo maana ulimi wangu ulijua kile ambacho ulimi wa shangazi haukujua, na ndiyo maana alinichukua: kama mama yuko hai, alifikiri, anaishi kwa kupika. Naye shangazi alirudisha sahani kama wengine. Sisemi walikuwa watu wabaya. Mutoto amekufa, watu wanatafuta mahali pa kuweka kifo, na mukono unaopika uko karibu. Baba pia alikuwa amefiwa na mutoto, hilo halisemwi sana.

Tulirudi. Njia nzima hatukusimama kula mahali popote; shangazi alinunua ndizi.

Nyumbani wazee walikuwa wamekaa, na baba kando, kofia juu ya goti. Babu mukubwa akasema, "Kahambu, lete neno."

"Nilifika fasi alikuwa anapikia," shangazi akasema. "Baliniambia alikufa."

"Uliona kaburi?"

"Hapana. Niliona jiko."

"Nani alikuambia?"

"Binti aliyekuwa naye. Aliagizwa na marehemu mwenyewe, mbele ya kufa, kama batu ya Kipese bakifika."

Nimepima maneno yale mara nyingi kama mutu anayetafuta sarafu ya uongo, na sijapata hata moja. Babu akauliza tena, "Na mutoto, aliona nini?"

Wote wakageuka kwangu. Baba aliinua uso.

Nilisema ukweli wangu wote. Nilisema mama alikufa, kwa sababu niliingia nyumba wanayokaa wafu wa Beni, walikula bila kusema na mulango umefungwa muchana. Na mama bado anapika kule, na watu wanakula, wamejaa mpaka hakuna fasi ya kukaa.

Hakuna aliyecheka. Bibi yangu, mama ya baba, yule ambaye uwanja wake ulirudisha sahani, alifunika kinywa kwa mukono. Baba akauliza taratibu, "Banakula kweli?"

"Wanamaliza," nikasema.

Akavaa kofia yake, akatoka. Kilio kilianza siku iliyofuata. Tulilala kwenye majani ya ndizi, tulinyolewa, mimi wa kwanza kwa kuwa nilikuwa mwana wake. Wembe ulikuwa baridi. Padri alisema maneno mazuri. Wazazi wa mama walilia sana na mbuzi zao zikabaki kwao. Baada ya muda baba alioa mwanamuke mutaratibu ambaye hakunipiga hata siku moja, na chakula chake nilikula chote, sikumrudishia.

Niliishi na imani ile ya wafu wapishi muda murefu kuliko inavyofaa. Ilianguka siku shangazi aliponitayarisha kuolewa. Alinifunga kitenge, akasema, "Uangalie kama banakula chakula yako. Bakiacha, hapana ngoja bakuambie. Toka." Nikamwangalia. Akaniangalia. Ndipo nilijua mama alitoka kwa miguu yake, hai. Sasa naye amelala, kaburi lake ninalijua.

Lakini hata leo siwezi kuapa. Yule mama wa Beu pengine alikimbia vijana wa ville morte alipowasikia wageni. Pengine alikuwa Masika mwingine, naye wa Kipese, aliyekimbia watu wengine. Jina lake hatukuuliza. Uso wake sikuuona. Nina mwiko tu uliokuwa unatingishika.

Bwana yangu anafanya biashara, na tunashuka Beni mara kwa mara. Watu wanajua ninajua pa kula, wananiuliza, ninawaonyesha. Ninapenda zile malewa ndogo za nyuma, za mbao. Nikifika mulangoni siingii haraka. Ninasimama, ninasema kwa sauti yangu yote, mpaka bwana yangu anaona haya: "Hodi, tunatoka juu, Kipese." Halafu ninangoja kidogo, muda wa mutu kuvaa sandali. Ndipo ninaingia, ninakaa, ninaomba sombe.